Galaksi Nilizozihesabu Bila Tarehe

Mmepata kazi kwa sababu mimi nilikosea. Naanza na hilo ili msije mkalisikia kwa wengine mkadhani nilikuwa nalificha. Kazi mliyopewa pale ofisini Remera, Kigali, ya kuhesabu upya galaksi ambazo zilikwisha kuhesabiwa, ni kazi ya kufuta miaka ya watu wawili. Mmoja ni mimi, Vestine, ambaye bado niko hai na naweza kusemwa. Wa pili ni Mzee Rajabu, aliyenifundisha kazi, ambaye hayupo tena na ambaye hakukosea kitu. Dokta Kevine, mkuu wenu, aliniomba niwaandikie mambo mawili matatu ya uzoefu. Haya, shikeni uzoefu.

Kwanza jueni mnachokifanya, maana mimi nilikaa mwezi mzima nahesabu bila kuelewa, nikiona haya kuuliza. Galaksi iliyo jirani yetu ina nyota, na kati ya nyota zake kuna vumbi. Vumbi hilo linazuia nuru ya galaksi zilizo mbali zaidi, nyuma yake, nasi tunataka kujua linazuia kiasi gani. Mzee Rajabu alipogundua kwamba sielewi, alinisimamisha dirishani jioni moja, taa zikiwa zimeanza kuwaka kwenye kilima cha pili, akavuta pazia.

"Hesabu zile taa kupitia hapa," akasema. "Kisha nifungue pazia, uhesabu tena. Zilizopungua ndizo zitakazokuambia pazia ni zito namna gani."

Basi ndiyo kazi yote. Unafungua picha ya galaksi ya karibu, iliyopigwa na darubini iliyoko angani, unatafuta vidoa vya galaksi za mbali vinavyopenya, unavizungushia duara, unahesabu. Vikiwa vichache, vumbi ni jingi.

Tatizo ni kwamba pazia letu hatuwezi kulifungua, na tena lina maua. Nyota za ile galaksi ya mbele zimesongamana mno, jicho linachanganyikiwa, unapitwa na galaksi ya mbali kwa sababu ya msongamano tu wala si kwa sababu ya vumbi. Kwa hiyo kompyuta inapandikiza kwenye picha hiyohiyo galaksi za bandia, ambazo idadi yake inajulikana na zimefifishwa kwa kiasi kinachojulikana. Unazitafuta bila kuonyeshwa zilipo. Ukikamata nusu yake, unajua jicho lako, kwenye msongamano ule, linakamata nusu. Halafu ndipo unahesabu za kweli na kulinganisha. Mzee Rajabu aliziita mamluki, kama wale wachezaji wanaochomekwa kwenye timu bila kusajiliwa, na jina likabaki. Hata wageni waliokuja kututembelea kutoka ng'ambo walirudi kwao wakisema "mamluki."

Mzee Rajabu hakusomea nyota. Alikuwa mtoto wa fundi cherehani wa Nyamirambo, wale ambao babu zao walikuja na biashara kutoka pwani, na ujana wake aliumalizia kwenye studio ya picha, akisafisha negativu kwa brashi yenye unywele mmoja. Ofisi ilipotafuta mtu mwenye jicho, hawakuuliza vyeti. Mimi nilikuwa na vyeti. Nilikulia Karagwe, ukimbizini, nikasomeshwa na masista walioamini kwamba mwandiko mbaya ni dhambi. Niliporudi nchini nilikuwa na Kiswahili cha darasani, mwandiko mzuri kuliko wa mtu yeyote niliyemjua, na majivuno.

Siku zangu za mwanzo niligundua galaksi. Ilikuwa kubwa, imejitenga, haimo kwenye orodha yoyote. Nikaita watu. Mzee Rajabu akaja polepole, akainama, akatoa leso mfukoni, akaifuta. Ilikuwa kinyesi cha nzi. Mwaka mzima baada ya hapo, kila akikuta doa kwenye kikombe chake cha chai, ananiita niligundue.

Kwa hiyo: futeni skrini kila asubuhi, hasa wakati wa kiangazi, vumbi jekundu linapoingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Msihesabu mara baada ya kutoka juani. Anzeni kona ya juu, mwende mstari kwa mstari kama mnavyopalilia, msirukie panapong'aa. Galaksi hafifu huioni ukiikodolea macho; itazame pembeni kidogo, itajitokeza. Na ukijiuliza mara mbili kama ni galaksi au si galaksi, andika kwamba umejiuliza. Hayo yote aliyanifundisha yeye, na hayo yote niliyafuata.

Lililobaki ndilo nililoliacha. Baba yake, kabla ya kukata kitambaa cha mtu yeyote, alikuwa akilaza futi yake ya kupimia juu ya rula ya chuma. Kila asubuhi. Futi ya kitambaa inalegea kwa kuvutwavutwa, na fundi hatambui kwa sababu inalegea mkononi mwake mwenyewe, kidogo kidogo. Anakuja kushtuka suruali za watu zimekuwa ndefu. Mzee Rajabu aliifanya hiyo kuwa sheria ya ofisi. Kila asubuhi mamluki kwanza, ndipo galaksi za kweli. Na juu ya karatasi, tarehe.

Alikuwa na ugonjwa wa tarehe yule mzee. Aliandika tarehe kwenye balbu siku ya kuifunga. Aliandika kwenye sabuni ya kunawia, kwenye boksi la majani ya chai, kwenye soli ya viatu vipya. Mwezi wa Ramadhani aliona kwamba mamluki anaowakamata wanapungua baada ya adhuhuri, kwa njaa na usingizi, basi mwezi ule akawa anahesabu asubuhi tu, na alasiri anachonga penseli za ofisi nzima. Na hilo nalo aliliandika: tarehe, funga, jicho limechoka, sikuhesabu.

"Jicho nalo ni futi," alikuwa akiniambia. "Usiliamini eti kwa sababu ni lako."

Mimi nilicheka. Nilikuwa na jicho la kijana.

Miguu yake ilipovimba akaacha kazi, na haukupita muda mrefu tukamzika. Nilibaki peke yangu kwenye chumba kile. Mamluki walikuwa wanakula nusu ya asubuhi, na mkurugenzi wa wakati ule alikuwa mtu wa kusimama mlangoni akitazama saa. Wala simlaumu, hakuniambia niache. Niliacha mwenyewe. Nilijiambia kwamba matokeo yangu ya mamluki ya miaka iliyopita ninayo, mazuri, yanafanana siku hadi siku, na jicho ni lilelile. Kwa nini nilipime kila asubuhi kama mgonjwa? Nikawa nachukua hesabu za zamani za mamluki, naziweka kando ya hesabu mpya za galaksi za kweli, nalinganisha. Kwa lugha ya mtaani, nilikuwa nalipua kazi, ila kwa mwandiko mzuri.

Na matokeo yakapendeza. Kadiri miaka ilivyokwenda, galaksi zangu zikawa na vumbi jingi kuliko za watu wengine. Watu wa mbali waliandika kuuliza. Tukafanyiwa sherehe ndogo ofisini, Fanta na keki, mkurugenzi akasema kwamba kutoka Kigali tumeonyesha ulimwengu kwamba galaksi ni nzito kuliko ilivyodhaniwa. Nilipewa cheti. Nilikipeleka nyumbani Gikondo nikakitundika sebuleni, na jirani yangu mmoja akaja kunisihi nimtazamie nyota ya bintiye kama atapata viza. Nilimcheka sana. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaanza kujiona mganga kweli.

Katika miaka hiyohiyo mkurugenzi akataka hesabu zote, za Mzee Rajabu na zangu, ziwekwe pamoja ili ziingizwe kwenye kompyuta. Karatasi zilikuwa rundo la kutisha, nyingine zina madoa ya chai, nyingine zina maneno kama "funga, sikuhesabu." Nikajitolea. Nilinunua daftari kubwa lenye jalada gumu nikanakili kila kitu upya, nimepanga kwa namba za galaksi, ya kwanza hadi ya mwisho, kwa mwandiko wa masista. Tarehe niliziacha. Nani anahitaji tarehe? Galaksi hazibadiliki kati ya Jumatatu na Jumanne. Jina la aliyehesabu nalo niliona linachafua ukurasa. Wala sikuwa na nia mbaya. Nilidhani namheshimu, kwamba nimemtoa kwenye karatasi zenye madoa nikamweka mahali pazuri.

Karatasi zenyewe nilimpa mama mmoja wa pale Gikondo aliyekuwa anauza sambusa karibu na gereji. Kwa miezi mingi mafundi magari walikula sambusa zilizofungwa kwa galaksi. Mimi mwenyewe nilizila, nikifungua nakutana na mwandiko wa Mzee Rajabu umelowa mafuta, tarehe juu kabisa, na nikaona ni jambo la kuchekesha.

Sasa niwaambie nilivyojua. Haikuwa ofisini. Nilikuwa nimeagiza kabati Gisozi, kule Agakiriro, kwenye karakana za mafundi, kwa seremala mmoja aitwaye Innocent. Nilipokwenda kulichukua nikakuta amelipaka vanishi kabla ya kupanguza unga wa msasa. Kabati zima lilikuwa na ukungu. Nikamjia juu mbele ya wenzake.

"Umepaka juu ya vumbi! Huoni?"

"Mama, vumbi iko wapi?" akasema Innocent. Akachukua kitambaa akapanguza. "Iko safi."

"Bado lipo."

Akapanguza tena. Akamwita mchomeleaji wa jirani aje aangalie. Yule mchomeleaji akavua miwani yake ya kazi, akajiona kwenye mlango wa kabati kama kwenye kioo, akachana nywele kwa vidole.

"Rwose mama, kweli kabisa, hii inang'aa," akasema.

Innocent hakukasirika. Ndilo lililonitisha. Alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa adabu, "Mama, na ile taa pale juu, unaiona namna gani?"

Niliitazama. Ilikuwa na duara la ukungu kuizunguka, kubwa. Nikamwambia taa zote ziko hivyo.

"Hapana, mama," akasema. "Haziko hivyo."

Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na jicho langu la kuhesabia ndilo lililokomaa zaidi. Nilimuuliza swali moja tu: tangu lini? Akasema huwezi kujua. Linakuja taratibu, miaka na miaka, na mwenyewe ndiye wa mwisho kutambua. Alikuwa ananieleza habari za upasuaji na mimi simsikii. Nilikuwa nawaza futi ya fundi cherehani.

Ninyi mnaojua hesabu mmeshaelewa. Kwa yule ambaye bado, nitasema wazi, maana sitaki aliulize mbele za watu. Mamluki niliwahesabu kwa jicho zima. Galaksi za kweli niliendelea kuzihesabu kwa jicho lenye ukungu. Kila galaksi iliyonipita kwa sababu ya jicho langu, niliandika kwamba imezuiwa na vumbi. Kama ningewapima mamluki asubuhi ile ile, ukungu ungenipiga kwao pia, nami ningejua siku hiyohiyo. Njia ilikuwa na kinga yake ndani. Mimi ndiye niliyeitoa kinga, nikapewa keki.

Baada ya upasuaji nilikwenda ofisini moja kwa moja, hata kabla ya dawa ya matone kwisha. Wakati huo mkuu alikuwa ameshakuwa Dokta Kevine. Nikamwomba afungue picha moja, mojawapo ya zile zilizonipa cheti, sehemu niliyoandika kwamba hakuna kinachopenya kabisa. Akaifungua. Zilikuwepo. Si nyingi, lakini zilikuwepo, vidoa vyekundu hafifu mahali palepale nilipoandika sifuri, vimekaa tu, kana kwamba havijawahi kwenda popote. Nilianza kuviwekea kidole kimoja kimoja, nikashindwa kuendelea.

"Mana yanjye, Mungu wangu," akasema Kevine. Akakaa. Kisha akasema kama mkuu: "Sawa. Hii si mwisho, Maman Vestine. Tutoe zile za jicho mbaya, tubaki na za jicho zuri. Zilianza mwaka gani?"

"Sijui."

"Basi tuangalie tarehe."

Nikamwambia hakuna tarehe.

"None se, sasa na zile za Mzee Rajabu? Yeye alikuwa anapima kila siku. Zake ziko wapi?"

Nikamwonyesha daftari. Aligeuza kurasa, akageuza, na kila ukurasa ulikuwa mzuri. Mwandiko mmoja, wino mmoja, wa kwangu. Nilimwambia kwamba baadhi nakumbuka, kwamba ile galaksi yenye mikono miwili mirefu ni ya Rajabu, naikumbuka kwa sababu ilikuwa Ramadhani. Kevine alinitazama kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko kama angenigombeza.

"Maman, siwezi kuandika kwamba Vestine anakumbuka."

Nilikuwa na tumaini moja tu, ile programu ya kuhesabu. Mnaifahamu, ndiyo iliyofanya wengi wenu mpende kazi hii. Inamaliza kwa mchana mmoja kilichonichukua miaka. Nikamwambia Kevine, ipe hiyo ihesabu upya, yenyewe haina mtoto wa jicho. Akaiwasha. Kisha akaipa mamluki mbele yangu. Ikakamata wale wanaong'aa wote, haraka, bila kusita. Wale wekundu hafifu ikawapita mmoja baada ya mwingine, kana kwamba hawapo. Nikakumbuka ilifundishwa kwa kutumia kitu gani. Ilifundishwa kwa maduara yangu. Kile nilichokizungushia iliambiwa ni galaksi, na kile nilichokiacha iliambiwa si kitu. Iliketi pale ikahesabu kama mimi, na jicho langu lilikuwa limeshapona.

Kevine alitoa uamuzi wiki hiyo. Daftari lote liwekwe kando, programu ifundishwe upya, watafutwe vijana wenye macho. Hakunionea. Angefanya vingine ningemdharau. Lakini niwaambieni ukweli, tangu siku ile sina raha. Watu wananiambia, Vestine, ni makosa tu, sayansi inajisahihisha. Inajisahihisha, ndiyo, na katika kujisahihisha imemfuta mtu aliyekuwa sahihi, kwa sababu mimi nilimnakili vizuri. Nimelitafuta jambo la kunifariji katika hilo, sijalipata. Msinitafutie.

Cheti nimekishusha. Pale ukutani pamebaki alama nyeupe, na naiona vizuri sana siku hizi.

Lililonibakia lilikuwa kumwambia Mama Hadija, mjane wa Mzee Rajabu. Niliahirisha miezi mitatu. Kila tulipokutana huko nyuma alikuwa akiniuliza kazi za mumewe ziko wapi, nami humjibu ziko kwenye kompyuta, na yeye huwaambia wajukuu: babu yenu iko ndani ya kompyuta, nyota zake zinasomwa mpaka Ulaya. Mwishowe nilipiga moyo konde nikaenda Nyamirambo. Nilimkuta anachambua mchele. Alinikaribisha kitini, akaulizia macho, akamshukuru Mungu kwa ajili ya macho.

Nikamwambia yote. Nilimwambia kwa maneno mepesi: kwamba hesabu zangu ziliharibika, kwamba hazijulikani ni zipi, na kwamba kwa hiyo zote zimetolewa, na za mzee pia.

Aliacha kuchambua. "Za Rajabu pia?"

"Za mzee pia, mama."

"Zilikuwa mbaya?"

"Hapana. Zilikuwa nzuri. Ila hakuna namna ya kuzitenganisha na zangu. Hazijulikani zilihesabiwa lini."

Alinitazama bila hasira, kama mtu anayedhani hakusikia sawasawa. Nyuma yake, kwenye balbu ya sebule, niliweza kusoma kutoka pale nilipoketi, kwa jicho langu jipya, siku na mwezi na mwaka, kwa wino uliofifia.

"Lakini Vestine," akasema, "Rajabu alikuwa anaandikaga tarehe."

Nikamwambia ndiyo, mama. Alikuwa anaandika.